Nyeupe Kwanza

"Hii umemchorea nani, Bi Otylie? Bundi?"

Bwana Rambousek alikuwa amesimama chini ya msonobari, kichwa amekirudisha nyuma mpaka kofia ikamdondoka. Juu, mahali ambapo hata mtu mrefu akiruka hafiki, palikuwa na alama ya njia: mstari mweupe, mstari wa bluu, mstari mweupe. Imenyooka, imekauka vizuri, pembe zake zimekatwa sawasawa. Hakuna fundi ambaye angeikosoa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ilikuwa mita tatu na nusu kutoka ardhini.

Otylie Kuchtová aliiokota ile kofia, akaipangusa majani, akamrudishia mwenyewe.

"Labda mti umekua," alisema.

"Tangu Aprili?"

"Mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri."

Bwana Rambousek hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa njia za milimani, katumwa na chama cha watembezi, na kabla ya kustaafu alikuwa ameongoza ishara za treni kwa miaka thelathini na minane. Mtu wa namna hiyo humtanii kuhusu alama. Alitoa mfukoni futi ya mbao ya kukunja, akaikunjua yote, akaiinua juu ya kichwa. Ikaishia mbali na rangi. Akaandika kwenye fomu yake. Wakapanda hadi mti wa pili, mambo ni yale yale. Wa tatu, vile vile. Walipofika wa kumi na moja aliacha kupima, akawa anainua macho na kuyashusha tu, kama mtu anayehesabu njiwa juu ya paa.

"Ulitumia ngazi?"

"Sikutumia."

"Sasa ulipaaje huko?"

"Nilisimama juu ya theluji," alisema Otylie.

Mkaguzi alifunga kalamu yake, akamtazama kwa muda. Halafu akaifungua tena.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka thelathini na mmoja njia ya bluu, kutoka kituo cha treni cha Horní Javorka hadi nyumba ya wageni ya Kamenka kule mgongoni mwa mlima, ilitunzwa na watu wawili: Otylie na mumewe Vojmír. Hawakulipwa, kazi hii hailipwi. Walikuwa na mgawanyo wao. Vojmír alikwangua gamba la mti, akalisugua kwa brashi ya waya, akapiga mistari miwili myeupe. Otylie alikuja nyuma, nyeupe ikishakauka, akajaza bluu katikati. Vojmír ndiye aliyechagua mti, na ndiye aliyechagua kimo. Alisimama, akanyoosha mkono mbele ya kifua, akasema, "Hapa." Katika miaka yote hiyo Otylie hakuwahi kuulizwa kimo. Wala yeye hakuwahi kujiuliza.

Novemba Vojmír alikufa, moyo, asubuhi moja akiwa anapasua kuni. Miti arobaini na mmoja ya msitu wa juu ilikuwa imefika zamu yake ya kupakwa upya. Ikaja wiki ya Pasaka, jua linawaka, kule mjini nyasi zimeshachipua na watu wametoa viti nje. Otylie hakuweza kukaa ndani. Alivaa skii za kutelezea thelujini, akabeba makopo mawili, akapanda. Theluji ya msitu wa juu ilikuwa ngumu kama sakafu, na yeye akaikadiria nusu mita. Lakini upande ule upepo wa baridi yote huja kumwaga theluji uliyoizoa mgongoni mwa mlima, na chini ya miguu yake kulikuwa na mita mbili kamili. Alama za zamani hazikuonekana, akadhani zimemezwa na gamba. Alinyoosha mkono mbele ya kifua. Akasema, "Hapa." Kwa siku nne alipiga nyeupe, akapiga bluu, akarudi nyumbani amechoka, akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Theluji ilipoyeyuka mwezi wa tano, watembezi wa kwanza walishuka wakishika shingo.

Habari za namna hiyo hazikai msituni. Dukani muuzaji alimuuliza kama wale twiga wameshafika au bado wako njiani. Kwenye baa mtu alipendekeza waonyeshwe heshima, watengenezewe kituo chao cha treni, chenye paa refu. Otylie alicheka nao. Alikuwa na miaka sitini na sita, na alijua kwamba mji ukiacha kukutania ndipo uogope.

Ila Bwana Rambousek alipomaliza kuandika siku ile ya Juni, hakuwa anatania.

"Chama kinachapisha ramani mpya mwezi wa tatu mwakani," alisema. "Njia zenye matatizo zitatolewa. Watunzaji tunazeeka, njia ni zile zile. Hii yenu imeshatajwa mara mbili kikaoni."

"Imetajwaje?"

"Kwa kifupi."

Otylie aliangalia chini, kuelekea mjini. Javorka haina lifti ya kupandisha watu mlimani. Miji miwili ya jirani inazo, pamoja na foleni zake na muziki wake. Anayekuja Javorka anakuja kwa ajili ya bluu: kiangazi kwa miguu, baridi kwa skii. Treni yenyewe haisimami pale mpaka abiria abonyeze kitufe. Bluu ikiondoka kwenye ramani, nani atabonyeza, ashuke aangalie nini? Alikuwa na vyumba vitatu vya wageni na jozi kumi na nne za skii za kukodisha, zimepangwa ukutani kando ya tanuri la nyumba. Lakini hivyo vilimkaa akilini dakika moja tu. Kilichobaki kilikuwa mkono wa Vojmír, umenyooshwa mbele ya kifua.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Zichore upya kwenye kimo cha kanuni. Hizi za juu zikwangue zote, mtu asikute alama mbili kwenye mti mmoja. Ukimaliza, nitumie kadi kabla Septemba haijaisha. Februari nitakuja na skii nione njia inavyopitika. Baada ya hapo kikao kitaamua."

"Na wewe utakiambia nini hicho kikao?"

"Nitakachokiona," alisema Bwana Rambousek, akaikunja futi yake, kipande kwa kipande.

Kiangazi chote Otylie alikuwa msituni. Kupaka peke yake kulikuwa na shida moja, kusubiri. Bluu ikiwekwa juu ya nyeupe mbichi inatoka rangi ya maziwa yaliyoharibika. Mwanzoni alikaa chini ya kila mti akiangalia saa. Baadaye akajifunza kupiga nyeupe miti mitano, kurudi chini, kuipiga bluu ile mitano, halafu kupanda tena. Njia ile aliitembea mara tatu kwa kila mara moja. Wageni waliompita walimsalimia kama watu wanavyosalimiana mlimani, hata wasiojuana, na baadhi waliinua macho wakaona za juu, wakamuuliza. Alijibu kwamba zile ni za watu warefu.

Alama za chini zilikamilika katikati ya Agosti. Zikabaki za juu.

Ngazi aliazimwa na Blažej, mwenye Kamenka, kwa hiyo alianzia juu, kwenye mti wa mwisho kabla ya kutoka msituni, pale Korongo la Mbwamwitu linapoikaribia njia upande wa kushoto. Aliegemeza ngazi, akapanda na goti lake bovu, mguu mmoja ukitangulia kila kipandio na mwingine ukiufuata kama mtoto. Akakwangua. Alama ilitoka vipande vipande, ikabaki mraba mwororo, mweupe wa mti wenyewe. Akashuka, akaburuta ngazi. Mti wa pili. Wa tatu. Jasho lilimtiririka mpaka viatuni.

Kwenye mti wa nne alipanda, akainua kikwangulio, akapumzika kidogo akiwa ameukumbatia mti. Akageuza kichwa. Kutoka juu pale aliona alama iliyofuata chini, na iliyofuata hiyo, na nyingine, na nyingine. Zilikuwa zimepangana kwenye mstari mmoja ndani ya msitu mzima. Aliyesimama ardhini asingeweza kuziona hivyo, matawi ya chini yanaziba. Alikaa pale juu muda mrefu kuliko alivyohitaji pumzi.

Akashuka bila kukwangua. Ngazi akairudisha kwa Blažej.

"Umemaliza?" aliuliza Blažej.

"Goti limemaliza," alisema.

Kadi aliituma tarehe ishirini ya Septemba. Aliandika: *Kazi imekamilika. O. Kuchtová.* Alikuwa mtu ambaye hata kuhusu umri wake hakuwahi kudanganya, na alipoitumbukiza kwenye sanduku la posta alibaki ameshika mdomo wa lile sanduku, kama vile kadi ingeweza kubadili mawazo ikarudi.

Februari ile theluji ilianguka siku tisa bila kupumzika. Siku ya kumi ilitulia, treni ikasimama Javorka, akashuka Bwana Rambousek na skii begani.

"Umepaka nta gani chini ya skii?" aliuliza Otylie badala ya salamu.

"Bluu."

"Leo ni siku ya zambarau. Hewa imelegea, bluu haitashika theluji. Utarudi nyuma."

"Bi Otylie, mimi nimeanza kupaka nta kabla wewe hujaolewa."

Kwenye mteremko wa kwanza nyuma ya kanisa alirudi nyuma mita nne, taratibu, amesimama wima, uso wake haujabadilika. Otylie alimpitishia kipande cha nta ya zambarau bila neno. Alikipokea bila neno.

Mpaka kwenye malisho mambo yalikuwa mazuri, alama zipo kwenye nguzo. Walipoingia msitu wa juu ukungu ulishuka. Ulishuka ghafla, kama ulivyo ukungu wa mgongo ule, na baada ya dakika kumi ulimwengu ulibaki na ukubwa wa chumba. Misonobari ilikuwa imeinama kwa uzito wa theluji, yote inafanana. Bwana Rambousek aliyekuwa mbele alisimama.

"Nionyeshe alama."

"Ipo."

"Iko wapi?"

Otylie alielekeza fimbo yake kwenye theluji, karibu na shina lililoonekana kwa shida mbele yao. "Hapo chini. Kama nusu mita."

"Na inayofuata?"

"Chini vile vile. Zimekaa kwenye kimo cha kanuni."

Mkaguzi alipumua kwa nguvu. Akapiga hatua kuelekea mti huo, akasimama tena. Mbele ya kifua chake, ikimtazama sawasawa, palikuwa na mstari mweupe, mstari wa bluu, mstari mweupe.

Tawi lilitua mzigo wake mahali fulani nyuma yao.

"Uliandika kwamba kazi imekamilika," alisema hatimaye.

"Niliandika."

"Zilibaki ngapi?"

"Thelathini na nane."

Bwana Rambousek alivua glavu, akaigusa ile alama kwa kidole, kama anayehakikisha haikuchorwa leo asubuhi. Akavaa glavu yake. "Haya," alisema. "Tuone inayofuata iko wapi."

Ikawa hivyo. Mmoja alisimama kwenye alama, mwingine alitangulia mpaka anakaribia kupotea kwenye weupe, na kabla hajapotea ilitokea nyingine, kifuani, pale pale mkono ulipotarajia. Otylie alipangusa kila moja kwa kiwiko. Bwana Rambousek alianza kuzihesabu kimoyomoyo, halafu kwa sauti, halafu kwa sauti ya mtu anayetangaza vituo vya treni. "Ishirini na sita. Ishirini na saba." Upepo uliongezeka. Nyusi zake ziliganda.

"Thelathini na nane," alisema, na hakukuwa na ya thelathini na tisa.

Hapo ndipo Otylie alipokumbuka. Zilibaki tatu, zile tatu, na alizikwangua yeye mwenyewe.

"Njia inakwenda kushoto," alisema Bwana Rambousek.

"Kulia."

"Nilipita hapa Juni, nakumbuka."

"Juni ulikuwa unaangalia juu." Alimshika mkono wa koti, akamvuta. "Kushoto ni korongo. Theluji imetengeneza ukingo unaoonekana kama ardhi, kumbe chini hakuna kitu. Usisogee. Simama hapo kwenye thelathini na nane, uendelee kuongea ili nikusikie."

"Niongee nini?"

"Vituo vya treni."

Akaenda, mikono ameinyoosha mbele. Nyuma yake sauti ya mkaguzi ilitaja vituo vya reli ya bondeni, kimoja kimoja, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata kile ambacho kilifungwa zamani. Otylie aligusa mti, akaukumbatia, akavua glavu. Gamba, gamba, gamba. Siyo huu. Akasogea kulia. Mwingine. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Mti wa tatu aliupapasa kuanzia tumboni kwenda juu, na mbele ya kifua mkono wake ukateleza. Mraba mwororo, laini kama meza. Akaweka kiganja chote juu yake.

"Njoo!" aliita. "Fuata sauti yangu, usiache kuongea."

Ya pili aliipata haraka zaidi. Ya tatu aliipata Bwana Rambousek mwenyewe, kwa mkono wake mtupu, akaisugua kwa kidole gumba. Baada ya hapo msitu uliisha, wakasikia kengele. Blažej alikuwa anaigonga mlangoni pa Kamenka, kama kila siku ya ukungu.

"Wazimu gani umewapandisha hapa leo?" alisema alipowaona. "Mimi hata mbwa nimemfungia ndani."

Aliwaletea chai yenye ramu, kisha supu ya unga uliochachuka, yenye uyoga na yai. Bwana Rambousek alipomaliza alisogeza bakuli, akatoa fomu, akaikunjua mezani. Ilikuwa imelowa pembeni.

"Hapa naulizwa," alisema, "kama alama ziko kwenye kimo cha kanuni."

Otylie alikuwa anaangalia supu yake. "Andika ulichokiona."

"Na hapa naulizwa kama mtunzaji ametekeleza maelekezo."

"Andika na hilo."

"Mtie rumande," alisema Blažej kutoka jikoni. "Lakini kwanza amalizie kula."

Mkaguzi aliandika. Nafasi ya fomu ilikuwa na mistari mitatu, yeye akaijaza, akageuza karatasi nyuma, akaendelea. Kalamu ilikwaruza kwa muda mrefu. Alipomaliza alitoa kijitabu chake cha watembezi, chenye mihuri ya kila nyumba ya mlimani aliyowahi kufika, akamwomba Blažej muhuri wa Kamenka, akaupiga kwa uangalifu, akaupulizia ukauke.

"Umeandika nini?" aliuliza Otylie.

"Kula, Bi Otylie. Inapoa."

Machi yote hakusikia lolote. Wageni walikuja wakaenda. Alikodisha skii, akafua mashuka, akamsikiliza muuzaji wa dukani akieleza kwamba twiga siku hizi wanateleza. Kila posta ilipofika alijifanya hana haraka ya kutoka nje.

Wiki moja baada ya Pasaka simu ililia.

"Theluji huko msitu wa juu ipo bado?" Sauti ya Bwana Rambousek, bila salamu.

"Ipo. Mita mbili, pengine pungufu kidogo. Safari hii nimepima."

"Ngumu?"

"Kama sakafu."

"Ulikwangua tatu," alisema. "Pale korongoni. Alama za baridi zinakosekana hapo. Nakuja kesho na treni ya saa tatu asubuhi. Rangi unayo?"

"Bluu ninayo. Nyeupe iliisha."

"Nyeupe nitakuja nayo mimi."

Kesho yake walisimama mbele ya mti wa kwanza, jua linawaunguza shingo, theluji inametameta mpaka inaumiza macho. Korongo lilikuwa limelala upande wa kushoto, wazi, halitishi mtu. Bwana Rambousek alikuwa ameleta brashi mpya ambayo bado ilikuwa na kipande cha karatasi ya dukani. Alikunjua futi yake.

"Weka hiyo," alisema Otylie. Alinyoosha mkono mbele ya kifua. "Hapa."

Bwana Rambousek aliipiga mistari miwili polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo.

"Usikandamize. Iache brashi ijiendee. Hivyo."

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri."

Wakakaa juu ya skii zao, migongo ikiota jua. Baada ya kitambo Bwana Rambousek aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa ramani iliyokunjwa, mpya kabisa, bado inanuka kiwanda.

Otylie aliitazama. "Imo?"

"Ifungue."

Alimwonyesha mikono yake. Kopo la bluu lilikuwa limemvujia alipokuwa akilifungua, vidole karibu vyote vilikuwa rangi moja mpaka kwenye viungo.

"Basi itasubiri," alisema Bwana Rambousek, akaiweka juu ya theluji, chini ya mti. Upepo ukainua pembe yake moja, ukaishusha.

Kule chini bondeni treni ilipiga honi, ikaanza kupunguza mwendo. Wote wawili wakanyamaza kusikiliza kama ingepita. Ikasimama.

Otylie aliinuka, akaigusa nyeupe kwa ncha ya kidole kidogo, ambacho ndicho pekee kilichokuwa safi. Bado ilikuwa mbichi.